Muziki wa Basi Lisilotembea

Binti yetu alipiga simu asubuhi, nikiwa namwosha babake miguu. Alisema ameshapatana na fundi mmoja wa Garsen, yule anayefunga muziki kwenye magari, na kazi yetu sisi ni kuchagua tu.

"Mama, chagueni mnachotaka. Runinga, spika, chochote. Baba anakaa humo ndani kutwa nzima hana hata cha kutazama."

Nilimshukuru. Lakini nilipoweka simu chini nilijisikia kama mtu aliyetwishwa mzigo wa pili kabla hajatua ule wa kwanza.

Tulikuwa tunaishi ndani ya basi. Mume wangu alikuwa dereva wa mabasi ya Mombasa na Lamu kwa miaka mingi, na hilo ndilo basi alilomalizia kazi. Injini ilipokufa, mwenye gari alimuuzia gamba lake, naye akawa na ndoto ya kutafuta injini nyingine polepole. Kabla hajaipata, mto ulifurika ukaichukua nyumba yetu ya Kulesa, pamoja na migomba na ghala la mpunga. Tulilikokota basi kwa trekta hadi mahali palipoinuka kando ya barabara, kati ya Idsowe na Garsen, tukasema tutalala humo mpaka maji yashuke. Trekta ilipokuwa ikiliingiza kiwanjani, magurudumu ya mbele yalididimia kwenye udongo mweusi. Mwenye trekta alivuta, akasukuma, akatukana, mwisho akafungua mnyororo akaenda zake. Basi likabaki vile vile, pua ndani ya kichaka cha miiba ya mathenge, mgongo ukielekea barabarani.

Maji yalishuka, sisi hatukutoka. Msimu ule ule mume wangu alipigwa na kiharusi, upande wote wa kulia ukafa, na kile tulichokiita malazi ya muda kikawa nyumba. Viti viling'olewa vyote isipokuwa cha dereva. Jiko langu likakaa karibu na mlango, nguo zikaning'inia kwenye vyuma vya kushikia abiria, na kitanda kikachomelewa kule nyuma kabisa, penye benchi refu la mwisho. Kioo cha nyuma kilikuwa kimevunjika zamani, kwa hiyo tulikiziba kwa bati kuzuia mvua, vumbi na macho ya watu, tukaacha tundu dogo la hewa lenye kifuniko.

Mwanzoni tulimtoa nje jioni akae kivulini. Lakini yeye ni mtu mkubwa, na ngazi za basi ni nyembamba. Walihitajika wanaume wawili, na siku moja aliwaponyoka akaangukia bega lile lile bovu. Tangu hapo hakutaka tena kutolewa. Akawa analala ameelekea mbele, kwenye kile kioo kikubwa cha dereva, na ndani ya kioo hicho hakuna kitu ila matawi ya mathenge na miiba yake, asubuhi hadi jioni, kiangazi na masika.

Ugonjwa ulimwachia maneno machache sana. Lililomtoka kwa urahisi lilikuwa "basi". Alilisema akishiba, akikasirika, akitaka maji, akitaka mgeni aondoke. Wageni walidhani anazungumzia gari. Mimi nilijifunza kulitofautisha kwa sauti, kama unavyojifunza kilio cha mtoto mchanga.

Na mimi je? Mchana jua likipiga bati, ndani mlikuwa kama tanuri la mikate. Nilimgeuza, nilimlisha, nilimbadilisha shuka, nilifua, nikamgeuza tena. Shamba letu la Kulesa lilikuwa linalimwa na jirani. Sikuweza kwenda mbali kuliko kisima. Kitu kimoja tu kilikuwa changu: ule muda baada ya chakula cha mchana, yeye akisinzia, mimi nikienda kukaa kwenye kiti cha dereva, mikono juu ya usukani, sifanyi lolote, sisikii lolote ila njiwa huko kichakani. Sasa binti yangu, kwa upendo wake wote, alikuwa amenitumia kelele.

Fundi alikuja na tuktuk iliyojaa maboksi. Alikuja pamoja na shemeji yangu, mdogo wake mume wangu, ambaye alikuwa ameshapata habari na ameshakata shauri. Shemeji huyu nilimhitaji. Ndiye aliyekuwa akija kila asubuhi na jioni kunisaidia kumwinua kaka yake, na bila yeye mgongo wangu ungekatika. Kwa hiyo alipozungumza nilizoea kumsikiliza hadi mwisho.

"Shemeji, tuweke tivii kubwa hapa katikati," alisema akipima ukuta kwa mikono. "Dishi juu, woofa mbili chini. Vijana na wazee wote wa huku hawana pa kutazama mpira. Watakuja hapa. Kaka atapata watu wa kumchangamsha."

"Mathe, nikikufungia hizi woofa mbili," fundi alidakia, "hata Idsowe watasikia."

"Idsowe hawajaniomba muziki," nilimwambia.

Fundi alicheka. Akafungua spika, akaunganisha nyaya kwenye betri, akachomeka flashi. Sauti ilipotoka, basi zima lilitetemeka. Sufuria ziligongana rafuni, kifuniko kimoja kikaanguka. Nilihisi ule mdundo ukipanda kwenye nyayo hadi kwenye meno. Nilimtazama mume wangu. Alikuwa amefumba macho, na mkono wake mzima, ule wa kushoto, umeshika ukingo wa kitanda kwa nguvu.

"Zima!" nilipiga kelele. "Zima hiyo!"

Alizima. Masikio yangu yaliendelea kulia.

"Wewe mwenyewe unataka nini?" shemeji aliniuliza.

"Redio ndogo. Ya kusikiliza habari za mto na matangazo ya misiba. Vingine vyote fundi arudi navyo."

"Redio! Mtoto amejitolea kiasi hiki, wewe unataka redio?"

Wakati tunabishana, mume wangu alikuwa ameinua mkono wa kushoto anaonyesha kitu. Tulifuata kidole chake. Alionyesha boksi dogo lililokuwa chini ya mengine, lenye picha ya skrini ndogo, nyembamba, ya kukaa kwenye dashibodi.

"Hiyo mzee ni ya gari linalotembea," fundi alimweleza kwa upole. "Inakuja na kamera ya nyuma. Dereva akirudi kinyumenyume anaona nyuma yake."

"Basi," mume wangu alisema.

"Ni ndogo, mzee. Hutaona mpira vizuri."

"Basi. Basi!" Kidole hakikushuka.

Shemeji alicheka, si kwa ubaya. "Kaka anadhani bado tunaenda Lamu."

Mume wangu alishusha mkono, akageuza uso kidogo vile alivyoweza, akatazama ukuta. Hakuonyesha tena kitu chochote siku hiyo. Nami, Mungu ananijua, nilichoka kubishana. Nikasema fungeni mnachotaka kufunga, mradi sauti ya zile woofa ipunguzwe.

Waliweka runinga kubwa katikati ya basi, imeelekea mlangoni ili watu wengi waone. Sola ikapanda juu, dishi likapanda juu. Na watu walikuja kweli. Siku za mechi walianza kuingia jua likiwa bado halijatua, wanavua viatu kwa heshima, wanamsalimu mgonjwa kule nyuma, wanasema shikamoo mama, kisha wanakaa sakafuni wamebanana mpaka kwenye jiko langu. Walikuwa watu wema. Mmoja alikuwa akiniletea kuni. Lakini nyumba yangu ilikuwa na mlango mmoja, na mlango huo ulizibwa na migongo ya wanaume. Nikiwa ndani siwezi kutoka. Nikiwa nje siwezi kuingia kumtazama mgonjwa bila kuruka magoti ya watu. Jioni nyingi nilikaa nje kwenye kigoda kati ya basi na mathenge, mbu wananiuma, nikisikiliza makelele ya goli ambalo silijui ni la nani.

Yeye naye alikuwa nyuma ya ile runinga. Alichokiona ni mgongo wake mweusi na nyaya. Nilimweleza shemeji, akasema tutaigeuza kidogo, haikugeuzwa. Mume wangu akaanza kugonga bati kwa ngumi ya kushoto mpira ukianza. Watu walidhani anashangilia.

Kilichonifumbua macho ni kioo cha kunyolea. Ilikuwa asubuhi, nampunguza ndevu, na kwa kuwa kulikuwa na wingu nilifungua kile kifuniko cha tundu la hewa juu ya kichwa chake nipate mwanga. Nilikuwa nimempa kioo kidogo ashike ajitazame. Hakujitazama. Alikigeuza kioo polepole, akakiinua, akakilaza upande, kama mtu anayetafuta mahali pa kukipachika, halafu akatulia. Niliacha wembe. Nikainama hadi shavu langu likawa karibu na lake, nikatazama anachotazama.

Mle kiooni mlikuwa na barabara. Kipande tu cha lami kisichozidi upana wa kiganja, na juu yake lori la mchanga likipita kuelekea Minjila. Kisha bodaboda. Kisha hapakuwa na kitu, ila yeye aliendelea kutazama. Mkono ulianza kuchoka, akakataa kuushusha. Nilimshikia kiwiko. Tulikaa hivyo povu likamkaukia shavuni, mpaka basi la Lamu likapita likipiga honi, na mdomo wake upande ule mzima ukajivuta.

"Ndiyo maana ulitaka ile," nilimwambia. "Ile ya kamera."

Alinitazama kama mtu aliyesubiri sana kwenye foleni.

Nilifikiria kulikata lile bati. Lakini jua lote la jioni lingemwingilia, na vumbi la malori, na kifua chake kilikuwa kibovu. Na hata hivyo shingo yake haikuweza kugeuka kutazama nyuma. Nikampigia fundi mimi mwenyewe. Nikamwambia aje aing'oe runinga na woofa, aniletee ile skrini ndogo na kamera yake, pamoja na redio yangu.

Shemeji alipofika jioni alikuta nyaya zinakunjwa.

"Nani amesema itolewe?"

"Mimi."

"Shemeji, leo kuna mechi. Nimewaambia watu."

"Waambie watu kwamba hii ni nyumba. Kaka yako anataka kuona barabara."

"Barabara ina nini? Ameiona maisha yake yote!"

"Mwulize yeye," nilisema.

Hakumwuliza. Alisimama pale mlangoni, anatazama kitanda, anatazama fundi, halafu akatoka bila kuaga. Kesho yake hakuja kuninyanyulia mgonjwa, na kesho kutwa pia. Nilijifunza kumgeuza kwa kumvuta na shuka, peke yangu, nikisaga meno. Usiku mgongo ulikuwa moto. Sikumpigia simu.

Fundi aliifunga kamera juu ya paa, mwishoni, akaielekeza barabarani. Skrini akaitundika kwenye chuma kilichokuwa mbele ya kitanda, mahali ambapo mkono wa kushoto ungeifikia. Alipoiwasha, barabara iliingia ndani ya nyumba yetu. Ilionekana yote, toka kona ya upande wa Idsowe hadi kwenye miti ya upande wa Garsen, pamoja na kibanda cha chai cha ng'ambo na mbuzi wamelala juu ya lami. Mume wangu alitokwa na machozi, akayaacha yateremke. Kila basi lilipopita alilitaja kwa neno lake lile moja, na safari hii mtu yeyote angemwelewa.

Nilifurahi. Nataka hilo lieleweke. Ila haikupita muda nikagundua kwamba na mimi nimo ndani ya skrini.

Nikienda kibandani kununua sukari, ananiona. Nikisimama kuzungumza na mwanamke wa Kiorma anayetuletea maziwa, ananiona. Nikikawia, nilisikia ngumi yake ikigonga bati huko ndani, na nikirudi alikuwa ananitazama mimi badala ya skrini, macho makavu, akisema neno lake kwa sauti ya kuuliza. Zamani nilipotoka nje ya mlango nilikuwa nimetoka. Sasa nilitoka mlangoni nikaingia kwenye picha.

Nikaanza kujifunza picha inaishia wapi. Upande wa kushoto iliishia kwenye kichuguu. Nilipopita kichuguu nilisimama tu, sina ninachokwenda kufanya, nikavuta pumzi. Siku moja mwanamke wa maziwa alinikuta hapo.

"Mama, wewe iko gonjwa?"

"Hapana. Napumzika."

"Hapa? Juani?"

Nikamweleza. Aliweka debe lake chini, akafikiri. Halafu akasema, "Mimi nakaa na mzee siku moja. Wewe nenda kuona shamba yako."

Nilikataa, akarudia kesho yake, nikakubali. Nilipanda bodaboda mpaka Kulesa. Nilitembea kwenye tuta la mto, nikala embe lililoanguka, nikamkuta jirani amepanda mahindi pale palipokuwa na nyumba yetu. Mahindi yalikuwa mazuri, na nilishindwa kujua nijisikie vipi. Nilikaa kidogo miguu ndani ya maji, kisha nikaanza kuwaza skrini, nikaona mkono wake unavyogonga, nikarudi kabla ya wakati niliosema nitarudi. Alikuwa hajagonga hata mara moja. Mwanamke wa maziwa alikuwa ameketi chini kando ya kitanda, wote wawili wanatazama barabara, na alipoona ng'ombe wanavuka alikuwa akimtajia ni wa nani.

Tangu hapo nilikwenda tena na tena. Siwezi kusema nilikuwa huru. Nilikuwa kama mbuzi aliyeongezewa kamba.

Kisha mvua kubwa zikanyesha kule mto unakotoka. Redio yangu ilisema mto umejaa kule Hola, wakulima wa kando ya mto wahame. Sisi tulikuwa juu, hatukuwa na wasiwasi sana. Ila kwenye skrini tuliona magari yanapungua. Kisha yakawa matrekta tu, yamebeba watu na magodoro. Kisha lami yenyewe ikaanza kung'aa, ikatoweka, na picha yote ikawa maji ya rangi ya chai ya maziwa, na paa la kibanda limesimama katikati. Mwanamke wa maziwa alikuwa ameshahamisha mifugo yao mbali. Asubuhi iliyofuata nilifungua mlango nikakuta maji yapo kwenye ngazi ya kwanza.

Wa kwanza kutufikia alikuwa shemeji. Alikuja akitembea, maji yamemfika kifuani, ameshika fimbo. Aliingia, akakamua shati, akamshika kaka yake mkono. Hatukuzungumza habari ya runinga.

"Boti linakuja," alisema. "Kuna watu wa uokoaji wanaotoa wazee na watoto. Nimewaelekeza huku."

Boti lilipofika lilikuwa na wanawake na watoto tayari, na nafasi ya mtu mmoja tu aliyekaa. Kijibaridi kilikuwa kinapuliza. Mwenye boti aliingia, akampima mgonjwa kwa macho.

"Huyu anahitaji ubao wa kumlaza. Tutaufuata, tuje na wanaume. Mama, wewe panda sasa hivi."

"Simwachi," nilisema.

"Nipo mimi," shemeji alisema. "Panda, shemeji. Maji yakifika kitandani utamwinua wewe?"

Nilimtazama mume wangu. Alikuwa ananitazama pia. Niliweka nguo zake kwenye mfuko, dawa zake nikamwachia shemeji mkononi, nikamfunika miguu, nikamwambia natangulia. Nilishuka ngazi, mtu akanishika mkono, nikakaa kwenye boti kati ya wanawake wenye magunia. Injini ikanguruma. Tulipita mgongo wa basi, nikaiona kamera juu ya paa, jicho dogo jeusi, nikajua ananiona. Sikupunga mkono. Nilijishika kanga kifuani, nikatazama mbele.

Walitushusha Garsen, mahali pakavu. Kulikuwa na wanawake wanawapikia watu chai kwenye masufuria makubwa. Mmoja alinipa kikombe, akaniambia kaa, mama, mzee wako ataletwa. Nikakaa juu ya jiwe. Hakuna aliyeniita. Hakuna aliyegonga kitu. Nilikunywa chai yangu yote ikiwa moto, hadi tone la mwisho, jambo ambalo sikumbuki lini mara ya mwisho nililifanya, na ilikuwa tamu mpaka nikaona haya. Nikaomba kikombe kingine, wakanipa.

Walimleta alasiri, amefungwa kwenye ubao, shemeji ameketi upande wa kichwa chake anamzuia asilowe. Nilikimbia nikaingia majini kuwapokea. Uso wake ulikuwa shwari kuliko nilivyotarajia. Nilimpangusa, nikamwuliza kama anasikia baridi.

Baadaye, wakati tunamtafutia mahali pa kumlaza chini ya turubai, nilimwuliza shemeji kwa sauti ya chini kama alisumbua nilipoondoka.

"Hapana," alisema. "Alikutazama mpaka boti likafika kwenye ile miti. Kisha akainua mkono, akaizima skrini mwenyewe."

Tumepanga chumba hapa Garsen sasa. Shemeji anakuja asubuhi na jioni. Skrini ilinusurika na maji, lakini mume wangu hajaiulizia, nami sijamwambia fundi aje aifunge.